Ulezi wa wanasayansi chipukizi katika taasisi ya utafiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya pande mbili: watafiti wazoefu waliopewa jukumu la kulea, na wanasayansi chipukizi wanaolelewa. Kila upande usome na majibu ya mwenzake. Ulezi mwingi huharibika kwa jambo ambalo kila mmoja alidhani mwenzake analijua, na hakuna aliyelitamka. Kwa hiyo mtaona tunarudia sana: semeni, kisha andikeni.

Mlezi na msimamizi si mtu yule yule?

Wakati mwingine ndiye, lakini kazi ni mbili. Msimamizi anawajibika kwa mradi: data zipatikane, fedha zitumike kama ilivyoahidiwa, ripoti imfikie mfadhili. Mlezi anawajibika kwa mtu: je, baada ya miaka mitano huyu atakuwa anaongoza utafiti wake mwenyewe, au bado atakuwa anaendesha mashine ya mwingine?

Mara nyingi mambo hayo mawili huenda pamoja. Yanapogongana, tuseme mradi unamtaka chipukizi maabara mwezi mzima na yeye ana andiko la ruzuku la kukamilisha, msimamizi ni vigumu aamue bila kuvutia upande wake. Ndiyo maana tunashauri kila chipukizi awe na msimamizi, na juu yake awe na angalau mlezi mmoja asiyesaini mkataba wake, likizo yake wala tathmini yake ya mwaka. Mtu wa namna hiyo anaweza kuambiwa ukweli.

Nani anahesabiwa kuwa chipukizi?

Kila taasisi na kila mfadhili ana hesabu yake, na nyingi huanzia siku ya kupata shahada ya uzamivu. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya kwa watafiti wa baada ya uzamivu, kwa mfano, katika miito ya 2021 hadi 2024 ulitaka uzoefu wa utafiti usiozidi miaka 8 tangu shahada hiyo, na muda wa mapumziko kama likizo ya uzazi haukuhesabiwa. Mlezi aketi na chipukizi wake mapema waandike tarehe ambayo kila mlango utafungwa. Saa hiyo inakwenda hata kama mashine imeharibika na kibali cha maadili kimechelewa.

Taasisi imenipangia mlezi. Naweza kumkataa?

Ndiyo, na utaratibu mzuri huruhusu hivyo bila kudai sababu. Ukichagua mwenyewe, usivutwe na jina kubwa pekee. Watafute watu wawili watatu waliowahi kulelewa naye uwaulize: rasimu ilikuwa inakaa kwake siku ngapi? Kwenye makala walizofanya wao, majina yao yalikaa wapi? Leo wako wapi? Wakisitasita kwenye swali la pili, chukua tahadhari.

Hakuna mlezi anayeweza yote. Anayekufundisha uchambuzi wa data huenda hajui lolote kuhusu kazi za viwandani au wizarani. Kuwa na walezi wawili au watatu, kila mmoja kwa jambo lake, si kumvunjia mtu heshima.

Kikao cha kwanza kijadili nini?

Kisijadili sayansi. Kitoke na karatasi ya ukurasa mmoja au miwili iliyosainiwa na wote wawili. Humo iandikwe mtakutana lini na kwa dakika ngapi. Mtawasiliana kwa njia ipi, na kama ujumbe wa saa nne usiku unatarajiwa kujibiwa (usitarajiwe). Rasimu itarudi baada ya siku ngapi za kazi. Nani atakuwa mwandishi wa kwanza kwa kazi ipi. Mambo gani yanabaki siri kati yenu na yapi mlezi analazimika kuyapeleka mbele, kama unyanyasaji au kughushi data. Mwisho iandikwe tarehe ya kuipitia upya, miezi sita baadaye, ambapo kila mmoja yuko huru kujitoa.

Wazoefu wengi huona aibu kuandikiana na kijana. Tunawasihi waivumilie aibu hiyo. Karatasi humlinda zaidi mdogo, kwa sababu mkubwa ana njia nyingine za kujilinda.

Tukutane mara ngapi?

Miezi sita ya kwanza, dakika 60 kila baada ya wiki mbili. Baada ya hapo mara moja kwa mwezi hutosha, isipokuwa nyakati za kuandika. Ajenda huandikwa na chipukizi na kutumwa siku moja kabla, mistari mitatu tu: nilichofanya, nilipokwama, ninachotaka uniamulie au unishauri. Ndani ya saa 24 baada ya kikao chipukizi hutuma muhtasari wa yaliyokubaliwa, kila jambo likiwa na jina na tarehe. Mlezi akisoma muhtasari na kukuta ameeleweka vibaya, ni afadhali ajue siku hiyo kuliko baada ya wiki sita.

Kikao kikiahirishwa, kipangiwe siku nyingine papo hapo. Vikao viwili vikifutwa mfululizo bila kupangwa upya, ulezi umeshaanza kufa, hata kama wote wawili bado wanasalimiana vizuri kwenye korido.

Kwa nini chipukizi hufanya kazi mwaka mzima na data zisifae?

Hili ndilo linalotuuma zaidi, kwa sababu linazuilika. Kabla jaribio halijaanza, mlezi aseme: nichoree matokeo. Chipukizi achore kwa mkono grafu anayotarajia kuichapisha. Mhimili wa chini una nini? Wa wima unapimwa kwa kizio gani? Kila kundi lina nukta ngapi, na kila nukta ni kitu gani?

Hapo kwenye "nukta ni kitu gani" ndipo kosa la kwanza hujitokeza. Ukipima seli 20 za kila panya na kila kundi lina panya 3, idadi yako ni 3, siyo 60. Seli za panya mmoja zinafanana kwa sababu zimetoka kwa panya mmoja, na ukizihesabu kama ushahidi 60 unaojitegemea, tofauti ya bahati tu itaonekana kuwa ugunduzi. Ndivyo ilivyo kwa miche iliyo ndani ya chungu kimoja, samaki wa tangi moja, au wagonjwa wa wodi moja ikiwa tiba ilitolewa kwa wodi nzima.

Kosa la pili ni idadi ndogo. Tuseme unalinganisha wastani wa makundi mawili, na tofauti yake halisi ni nusu ya mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi vipimo vinavyotawanyika kuzunguka wastani. Kwa kiwango cha kawaida cha 0.05, yaani ukikubali nafasi ya asilimia 5 ya kuona tofauti ambayo haipo, unahitaji vipimo kama 64 katika kila kundi ili uwe na uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo. Ukiweka 10 kwa kila kundi, uwezekano unashuka chini ya asilimia 20. Yaani hata wazo likiwa sahihi kabisa, jaribio litashindwa kama mara 4 kati ya 5. Kisha chipukizi ataambiwa hana mkono wa maabara, au ataanza kurudia na kuchagua hadi apate namba inayopendeza. Hapo tumemfundisha tabia mbaya bila kukusudia.

La tatu ni mpangilio. Kundi lililopewa dawa likipimwa lote Jumatatu na la ulinganisho Jumanne, hakuna hesabu itakayotenganisha athari ya dawa na athari ya siku: kemikali imefunguliwa upya, joto la chumba limebadilika, aliyepima ni mwingine. Sampuli zichanganywe kwa bahati nasibu ndani ya kila siku na kila bechi, na anayepima asijue ipi ni ya kundi lipi pale inapowezekana.

Mtakwimu aonwe kabla ya sampuli ya kwanza kukusanywa. Akionwa baada ya ile ya mwisho, mara nyingi anachoweza kufanya ni kueleza kwa nini imeshindikana.

Daftari la maabara liandikweje?

Kipimo ni kimoja: mtu mwingine mwenye ujuzi kama wako aweze kurudia kazi yako kwa kusoma ukurasa huo peke yake. Kwa hiyo kila ukurasa uwe na namba, tarehe, lengo kwa sentensi moja, utaratibu uliofuatwa na hasa pale ulipouacha, namba ya bechi ya kila kemikali, mashine iliyotumika, jina la folda zilimo data ghafi, na kilichotokea. Kilichoshindikana kiandikwe kwa ukamilifu ule ule. Tumia wino, ukikosea piga mstari mmoja ili kilichofutwa kisomeke, weka tarehe na saini. Kwenye daftari la kielektroniki, tumia programu inayohifadhi historia ya mabadiliko.

Faili zenye majina kama "mwisho", "mwisho2" na "mwisho_kabisa" ni chanzo cha makosa mengi. Anza jina la faili na tarehe kwa mtindo wa mwaka, mwezi, siku, mfano 2025-03-07, nazo zitajipanga zenyewe. Data ghafi ziwekwe kwenye folda isiyoruhusu kuhaririwa. Nakala ziwe tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya jengo.

Kila miezi mitatu mlezi achague grafu moja na kusema: nipeleke hadi kwenye faili ghafi iliyoizaa. Ikichukua zaidi ya dakika kumi, kuna kazi ya kufanya kabla ya jaribio linalofuata.

Nisomeje rasimu ya chipukizi bila kumvunja moyo wala kumwandikia?

Soma mara mbili kwa siku tofauti. Mara ya kwanza usiguse lugha. Angalia kama swali la utafiti liko wazi ndani ya ukurasa wa kwanza, kama kila grafu inajibu sehemu ya swali hilo, na kama hitimisho halizidi data. Toa maoni yasiyozidi matano, makubwa tu. Ukirudisha maoni 140 ya koma na nafasi, atarekebisha yote 140 na makala itabaki na tatizo lile lile.

Mara ya pili, baada ya muundo kutengemaa, ingia kwenye sentensi. Chukua sentensi hii: "Matokeo yanaonyesha kwamba dawa ina athari kubwa." Maoni ya "haieleweki" hayamsaidii. Andika pembeni: athari kwa nini, kiasi gani, ukilinganisha na nini? Atarudi na: "Dawa ilipunguza idadi ya bakteria kwa asilimia 38 ikilinganishwa na kundi lisilopewa dawa." Amejifunza maswali matatu ambayo atayauliza mwenyewe kwenye sentensi zote zinazofuata.

Ukitaka kumwonyesha mtindo, andika upya aya moja pembeni ya ile yake, mkae mzilinganishe, kisha aya zilizobaki azifanye mwenyewe. Mlezi anayeandika upya makala nzima hupata makala nzuri, ila mwaka unaofuata ataandika na ya pili. Na rasimu irudi ndani ya siku 10 za kazi. Ikikaa mezani kwako miezi miwili, chipukizi hukaa miezi miwili akijiuliza kama imekuwa mbaya kiasi hicho.

Jina la nani litangulie kwenye makala?

Lijadilini kabla ya data, lijadilini tena grafu zinapokamilika, na mara ya mwisho kabla ya kuwasilisha. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, ambayo majarida mengi hufuata miongozo yake, inaweka masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi na inataka yatimie yote: mchango wa maana katika kubuni kazi au kupata, kuchambua au kufasiri data; kuandika rasimu au kuipitia kwa kina; kuidhinisha toleo la mwisho; na kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kuleta fedha peke yake hakutoshi. Kuwa mkuu wa idara hakutoshi. Fundi aliyepima tu hutajwa kwenye shukrani, lakini mpeni nafasi ya kushiriki kuandika kama mchango wake katika data ni mkubwa. Msimfungie mlango wa sharti la pili ili mumwondoe.

Ili kupunguza ubishi, tumieni orodha ya CRediT yenye majukumu 14, kuanzia kubuni wazo hadi kusimamia data na kuandika. Kila mmoja ajaze alichofanya, karatasi ziwekwe mezani pamoja. Mpangilio wa majina nao una desturi zake: katika fani nyingi za baiolojia na tiba wa kwanza ndiye aliyebeba kazi na wa mwisho ndiye kiongozi wa kundi, ilhali katika hisabati hupangwa kwa alfabeti. Chipukizi anayeingia fani mpya aelezwe hili.

Na kila chipukizi ajisajili ORCID, namba ya tarakimu 16 inayomfuata mtafiti popote aendapo hata akibadili jina au taasisi. Ni bure.

Wapitiaji wa makala walioteuliwa na jarida wamedai mambo ishirini. Tuanzie wapi?

Siku ya kwanza soma, halafu weka pembeni. Baada ya siku mbili tatu nakili kila hoja kwenye jedwali: hoja kama ilivyoandikwa, jibu lako, na ukurasa uliobadilika. Hoja zigawanywe kati ya zinazohitaji maneno tu, zinazohitaji uchambuzi mpya wa data zilizopo, na zinazohitaji jaribio jipya. Za mwisho huwa chache kuliko zilivyoonekana siku ya kwanza. Usiyemkubali mpe sababu na ushahidi kwa adabu. Mhariri hatarajii ukubali kila kitu. Mpitiaji akiwa amekuelewa vibaya, chukulia kwamba maandishi yako yalimruhusu, uyanyooshe.

Mlezi akae na chipukizi kwenye majibu ya makala ya kwanza mstari kwa mstari. Ni ufundi ambao hakuna darasa linaloufundisha.

Tuipeleke makala kwenye jarida lenye jina kubwa?

Peleka pale ambapo wasomaji wa kazi hiyo wapo. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililotokana na mkutano wa Desemba 2012, linataka kipimo cha umaarufu wa jarida kisitumiwe kupima ubora wa mtafiti mmoja mmoja, na taasisi nyingi zimelisaini. Hata hivyo baadhi ya kamati za ajira bado zinaangalia majina ya majarida, na mlezi mkweli atamwambia chipukizi wake yote mawili.

Barua pepe inayosifia kazi yako kupita kiasi na kuahidi kuchapisha ndani ya siku chache ukilipa, iache. Angalia kama bodi ya wahariri ni watu unaowajua kwa kazi zao, na kama walezi wako wamewahi kulisoma jarida lenyewe.

Andiko la ruzuku lianze lini?

Angalau wiki 12 kabla ya mwisho wa kupokea. Hesabu kurudi nyuma: wiki ya mwisho ni ya mfumo wa kupakia na saini za ofisi, maana ofisi za ruzuku nyingi huwa na tarehe yao ya ndani inayotangulia ya mfadhili. Wiki mbili kabla yake andiko lisomwe na mtu asiye wa fani yako. Wiki ya sita tangu kuanza, bajeti iwe imekaa. Wiki ya kwanza na ya pili andika ukurasa mmoja tu: tatizo, pengo, malengo mawili au matatu, na kwa nini wewe. Huo ukurasa ukikataa kunyooka, kurasa 15 hazitaunyoosha.

Kosa la kawaida la chipukizi ni malengo yanayotegemeana kama ngazi, la kwanza likianguka yote yameanguka. Lingine ni bajeti inayosahau matengenezo ya mashine, usafirishaji wa sampuli na ada za uchapishaji. Mlezi atoe andiko lake la zamani lililofadhiliwa, na lililokataliwa pamoja na maoni yake. Lililokataliwa ndilo lenye faida zaidi.

Naombaje barua ya mapendekezo?

Wiki nne kabla. Tuma tangazo lenyewe, wasifu wako, na mambo matatu unayotaka yatajwe pamoja na ushahidi wake. Mlezi naye, kama hawezi kuandika barua yenye nguvu, aseme mapema. Barua baridi inadhuru kuliko kukosa barua. Andika ulichokiona: "alijenga upya utaratibu wa kupima na makosa yakapungua" ina uzito kuliko "ana bidii na nidhamu".

Chipukizi amenyamaza. Nifanyeje?

Dalili huja kwa mpangilio: ajenda inafika imechelewa, kisha ina mstari mmoja, kisha vikao vinaahirishwa kwa sababu "data bado kidogo". Usisubiri. Muulize swali linalojibika: mara ya mwisho jaribio lilifanya kazi lini, na nini kilibadilika tangu hapo? "Unaendeleaje?" humpa nafasi ya kusema "salama". Nenda maabara ukaone akifanya. Mara nyingi tatizo ni dogo, bomba la kupimia halijarekebishwa au kemikali imepitwa na muda, na aliona haya kuuliza. Ikiwa tatizo ni la usingizi, familia au afya ya akili, kazi yako ni kumsikiliza na kumfikisha kwa wenye utaalamu. Usijigeuze tabibu.

Mlezi mmoja awe na chipukizi wangapi?

Watatu, wanne kwa mwenye uzoefu. Hesabu saa nne kwa mwezi kwa kila mmoja ukijumlisha vikao na usomaji, zaidi wakati wa rasimu. Taasisi iziandike saa hizo kwenye mzigo wa kazi wa mlezi. Zisipoandikwa, zitaliwa na kinachoandikwa.

Tumegombana. Nani aamue?

Anzeni na karatasi ya kikao cha kwanza. Isipotatua, mpelekeeni mratibu wa ulezi au msuluhishi asiye wa idara yenu. Chipukizi asilazimishwe kupeleka lalamiko kwa mtu yule yule anayelalamikiwa, wala kwa rafiki yake wa ofisi ya jirani. Kwa tuhuma za unyanyasaji au kughushi data hakuna usuluhishi. Zina utaratibu wake rasmi, na mwenye kutoa taarifa alindwe tangu siku ya kwanza.

Chipukizi anapoondoka, anachukua nini?

Jambo hili lizungumzwe mwaka mmoja kabla, wakati wote mna utulivu. Data ghafi, madaftari na sampuli kwa kawaida hubaki kwenye taasisi. Chipukizi huondoka na nakala pale mkataba, kibali cha maadili na makubaliano na mfadhili vinaporuhusu. Gumu zaidi ni maswali ya utafiti. Andikeni lipi anaondoka nalo ambalo kundi halitalishindania kwa muda mliokubaliana, mathalani miaka mitatu, na lipi linabaki. Makala ambazo hazijakamilika ziwekewe tarehe: akishindwa kuleta rasimu ndani ya miezi 12, nani ataendelea nazo na jina lake litakaa wapi.

Wiki mbili za mwisho zitengwe kwa makabidhiano. Afungue friza pamoja na anayebaki, kisanduku kwa kisanduku, waisome orodha na lebo zikilingana. Chupa isiyo na jina wala tarehe itupwe siku hiyo hiyo, aliyeiweka akiwa bado yupo wa kuulizwa.